Kulia Kawaida, Kushoto Kawaida

Kikombe kilikuwa kimeoshwa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta kuliko yote asubuhi ile. Kimeoshwa, kimefutwa na kurudishwa kabatini mdomo chini, safi kuliko vikombe vya dukani. Sasa kilikuwa ndani ya mfuko wa vielelezo juu ya magoti yake, naye amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha dharura, anamtazama mwanamke aliyekiosha.

"Mama, kwa nini ulikiosha?"

"Kwa sababu kilikuwa kichafu," alijibu mama mkwe. "Kwenu vikombe vichafu mnavifanyaje?"

Kazini walimwita Inspekta huyu Chujio, kwa kuwa maneno ya watu yakipita kwake lazima yaache makapi. Alikuwa mwanamke wa kimo kifupi na subira ndefu, na kwa miaka kumi na tisa ya upelelezi alijua kwamba mwenye hatia huosha vyombo. Alijua pia kwamba mama mkwe yeyote anayejiheshimu huosha vyombo. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Tuhuma yenyewe ilikuwa nyepesi kueleweka. Mke wa mwanawe mama huyu, fundi cherehani wa miaka ishirini na minne aliyeolewa mwaka mmoja tu uliopita, alikunywa chai ya tangawizi kutoka mkononi mwa mama mkwe saa moja na nusu asubuhi. Kabla ya saa mbili alikuwa sakafuni amejikunja, anatapika. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa njiani na simu yake haipatikani. Dada mkubwa wa mgonjwa ndiye aliyemleta hospitali, na ndiye aliyewaita polisi kabla hata gari halijasimama.

"Amemlisha mdogo wangu sumu!" Dada alikuwa amesimama upande wa pili wa korido, mtandio umemshuka mabegani. "Mwaka mzima, afande, kila mwezi anamuuliza: lini? Lini? Lini? Ameona mtoto haji, ameamua kumwondoa!"

Mama mkwe aligeuka mzima mzima. "Nikitaka mtu aondoke nyumbani kwangu namwambia ondoka. Ya nini nimalize tangawizi yangu?"

Inspekta aling'ata kalamu ili asicheke. Hali haikuwa ya kuchekesha. Sajini wake alikuwa ametoka kupekua nyumba ile na kukuta pakiti ya sumu ya panya nyuma ya kopo la unga. Pakiti ilikuwa imefungwa, gundi yake haijaguswa, lakini nani angeapa kwamba haikuwahi kuwa na mwenzake?

"Na wewe ulikunywa chai hiyo?"

"Birika moja. Nilimimina cha kwake, nikamimina cha kwangu. Kwani mimi nimelazwa?"

"Ulimpa kwa nini? Ndiyo kawaida yenu asubuhi?"

"Kawaida gani! Yeye hapendi tangawizi. Nilimpa kwa sababu alikuwa anaumwa tumbo."

Kalamu ilisimama. "Alikuwa anaumwa kabla ya chai?"

"Tangu saa kumi na mbili na nusu. Alinyoosha mkono achukue jora la kitambaa juu ya kabati, nikasikia 'aah!' Akaja jikoni kashika tumbo, uso unamvuja jasho. Yalipokataa kuisha nikamwambia kaa chini nikupe kitu cha moto. Ndilo kosa langu hilo?"

Inspekta aliandika saa ile, akaipigia mstari mara mbili. Chai ya saa moja na nusu haiwezi kumuumiza mtu saa kumi na mbili na nusu. Ila maneno hayo yalikuwa ya mtuhumiwa mwenyewe, na mtuhumiwa hawezi kuwa shahidi wake peke yake.

Daktari wa zamu alitokea na faili. Alikuwa kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, na nyuma yake watu wasiopungua thelathini walikuwa wanamsubiri.

"Mimi namtibu kama mtu aliyekula sumu," alisema. "Anatapika, ana jasho, mapigo ya moyo yako juu. Kipimo cha mimba hakina kitu. Damu nimeipeleka maabara kuu, majibu kesho mchana. Tunampa dawa ya maumivu, tunangoja."

"Hakuna kingine ndani ya tumbo?"

"Nimempiga ultrasaundi mwenyewe, kwa mashine yetu ndogo ya dharura. Tumbo liko sawa." Alimpa karatasi iliyochapwa vizuri.

Inspekta aliisoma mstari kwa mstari. Ini: kawaida. Figo: kawaida. Mji wa mimba: kawaida. Kifuko cha mayai cha kulia: kawaida. Kifuko cha mayai cha kushoto: kawaida. Ripoti ilikuwa nzuri, tena nzuri mno, kama maelezo ya shahidi aliyefundishwa la kusema. Lakini yeye si daktari. Aliikunja akaitia mfukoni, akaenda kumwona mgonjwa.

Fundi cherehani alikuwa nyuma ya pazia la kijani, amelala ubavu, magoti yamekaribia kidevu. Vidole vyake vilikuwa vimeshika ukingo wa kitanda mpaka kucha zimekuwa nyeupe.

"Mdogo wangu, mimi ni polisi, lakini usiniogope. Ni nani aliyekudhuru?"

"Hakuna. Sijapewa sumu."

"Umejuaje?"

"Maumivu haya nayajua." Kisha akafunga mdomo haraka, kama mtu aliyeropoka mbele ya wageni.

"Unayajua vipi?"

"Nimesema yanauma."

"Hukusema hivyo. Yako wapi?"

Mgonjwa alionyesha kwa kidole kimoja, chini ya kitovu, upande wa kushoto. Yalikuja, alisema, yakaachia kidogo, yakarudi na hasira zaidi. Inspekta alitafakari. Ameshaona watu waliokula sumu, na tumbo lao huwaka lote, juu chini, huku na huku. Sumu haichagui upande. Kidole tumbo nacho kikivimba huuma kulia. Hapa mkosaji alikuwa na anwani kamili, na hakuna aliyekuwa amebisha hodi.

Maumivu yalirudi. Mgonjwa alijipindua, gauni la hospitali likapanda, na Inspekta akaona kovu chini ya tumbo, upande wa kulia. Lilikuwa jembamba, limenyooka, na vitone viwili viwili pembeni.

"Na hili?"

"Nilianguka nikiwa mtoto."

Jamani, fundi cherehani kudanganya kuhusu mshono! Inspekta alitaka kumwambia hivyo, lakini aliona macho ya mgonjwa yameshuka chini ya pazia. Pale chini vilionekana viatu vyeusi vya kisigino kifupi, vimesimama bila kutikisika. Viatu vya mama mkwe.

Inspekta hakuuliza tena. Alitoka, akamshika dada mkubwa kiwiko, akampeleka hadi uani kwenye kamba za kuanikia mashuka ya wodi, mahali ambapo maneno hayana ukuta wa kugonga.

"Mdogo wako alipasuliwa lini?"

"Nani amekwambia?"

"Tumbo lake."

"Aah, lile. Lilikuwa kidole tumbo."

"Yeye anasema alianguka akiwa mtoto. Mmeshindwa hata kupatana kwenye uongo mmoja, na nyinyi ni ndugu wa tumbo moja?"

Dada alivuta mtandio wake, akaanza kuukunja na kuukunjua. Inspekta alimwacha. Shuka moja lilipigwa na upepo, likatulia. Kimya ni koleo zuri kwa anayejua kulishika.

"Miaka minne iliyopita," dada alisema hatimaye. "Kabla hajaolewa. Kifuko cha mayai cha kulia kilijisokota. Tulidhani ni chakula kimemkataa, tukakaa naye nyumbani siku mbili. Tulipofika hospitali kilikuwa kimeshakufa. Wakakitoa. Amebaki na kimoja. Mumewe aliambiwa kila kitu kabla ya kuoa, naye akasema si kitu. Huyu mama ndiye hajui. Niliapishwa, afande."

"Leo anaumwa vilevile, upande uliobaki, na wewe unapiga kelele za sumu?"

Machozi yalimtoka dada bila sauti. "Nilitaka iwe sumu," alisema. "Ikiwa sumu, kuna mtu amefanya, na mtu anakamatika. Ikiwa ni lile la zamani... nani nimkamate?"

Inspekta alitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua. Kifuko cha mayai cha kulia: kawaida. Alisoma tena, polepole, kidole juu ya mstari.

Alirudi kwanza nyuma ya pazia, akainama hadi sikioni mwa mgonjwa. "Dada yako amenieleza. Niruhusu nimwambie daktari. Daktari tu." Mgonjwa alifumba macho, akaitikia kwa kichwa.

Daktari wa zamu alikuwa anafunga bandeji mguu wa mzee mmoja. Inspekta alimwekea ripoti mbele ya pua.

"Daktari, kifuko hiki cha kulia ulikiona?"

"Si kimeandikwa hapo?"

"Siulizi kilichoandikwa. Nauliza macho yako."

"Kilikuwa... kilikuwa kawaida."

"Kilitolewa miaka minne iliyopita."

Mzee wa mguu aliinua uso, akamtazama daktari, akautazama mguu wake, akaanza kuuvuta taratibu. Daktari hakuona. Alikuwa ameshika karatasi kwa mikono miwili.

"Fomu inafunguka kwenye kompyuta ikiwa imeshajazwa," alisema, sauti imeshuka. "Kila mstari umeandikwa kawaida. Wewe unabadilisha pale penye tatizo. Tumbo lilikuwa na gesi nyingi, mashine ni ndogo, nilikuwa natafuta maji na damu tumboni, sikuona. Vifuko sikuviona. Nika..."

"Ukaacha kawaida."

"Nikaacha kawaida." Alikaa, na papo hapo akasimama. "Kama amebaki na kimoja, na ndicho kinachouma... Inspekta, ni saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika arobaini. Maumivu yalianza saa kumi na mbili na nusu."

Daktari alikimbia. Si kutembea haraka. Alikimbia, koti jeupe linapepea nyuma, hadi mlango wa mwisho wa korido. Alirudi na mwanamke wa makamo aliyekaribia kustaafu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, akisukuma kitanda kwa nguvu za mtu aliyezoea kutongoja wahudumu. Hospitali nzima ilimwita Mama Picha. Alikuwa amewafundisha kusoma ultrasaundi madaktari wawili kati ya kila watatu pale, na alikuwa hajamsamehe hata mmoja.

Chumba chake kilikuwa na baridi na mwanga hafifu. Mgonjwa alimshika Inspekta mkono mlangoni. "Usitoke. Wewe umeshajua." Basi Inspekta akaingia, na daktari akaingia, na mlango ukafungwa mbele ya dada na mama mkwe.

"Mwanangu," Mama Picha alimwambia mgonjwa, akimpaka jeli tumboni, "nitaanza juu juu. Nikihitaji kutumia kifaa cha ndani nitakuomba, na ukikataa sitauliza mara ya pili. Kibofu kimejaa?"

"Kimejaa."

"Vizuri. Maji ya kibofu ndiyo dirisha letu."

Skrini iliwaka. Inspekta aliona majivu: majivu yanayotembea, meusi huku, meupe kule. Hakuambulia kitu. Mama Picha alishusha miwani puani, na mkono wake ukaanza kwenda, polepole, ukisimama, ukirudi.

"Huu weusi ni kibofu. Huyu chini yake, kama pea lililolala, ni mji wa mimba. Hana neno. Sasa twende kulia." Kifaa kilihamia kulia. "Kulia hakuna mtu. Nyumba imehamwa zamani." Hakumtazama daktari, na hakuhitaji. "Twende kushoto."

Mkono ulihamia kushoto. Ulikaa pale muda mrefu kiasi kwamba Inspekta alianza kuhesabu pumzi za mgonjwa.

"Kushoto nako hakuna mtu."

"Mtuhumiwa ametoroka?" Inspekta aliuliza, na hakuwa anatania.

"Hana pa kwenda. Amefungwa kamba." Mama Picha alirudisha kifaa katikati, juu ya mji wa mimba, akakilaza kidogo. "Na huyu hapa nani?"

Kwenye skrini lilitokea umbo la mviringo, kubwa, limetuna, la kijivu kizito. Pembeni yake pote vilipangwa viduara vidogo vyeusi, kama vimesukumwa ukutani na umati. Mama Picha aliweka alama mbili, akapima. "Kifuko cha mayai cha mwanamke wa umri wake ni kama sentimita tatu. Hiki ni saba na nusu. Kimehama kwake, kimevimba, na maji yamekizunguka." Aligandamiza taratibu.

"Hapo!" Mgonjwa alipiga kelele. "Hapo, mama, hapo hapo!"

"Pole, mwanangu. Nimesikia." Alibonyeza kitufe. "Sasa tuone damu."

Ndani ya majivu yale zikawaka rangi. Nyekundu, ikazimika, ikawaka tena, kwa mdundo. Inspekta alielewa bila kuambiwa kwamba ule ulikuwa moyo wa mgonjwa, unaonekana kutoka mbali. Daktari alishusha pumzi ndefu.

"Damu inapita," alisema. "Basi hakijajisokota. Kama kingekuwa kimejisokota..."

"Wewe ungekuwa hakimu," Mama Picha alimkatiza, "wezi wote wangelala kwao. Damu inaingia, naona. Inatoka wapi?"

Daktari alisogea karibu na skrini.

"Mshipa wa kuleta damu una nguvu, unasukuma hata ukibanwa. Tena kifuko hiki kinaletewa damu kwa njia mbili. Mshipa wa kurudisha damu ni laini, ndio unaofungwa kwanza. Damu inaingia, haitoki, kifuko kinavimba mpaka kinajisonga chenyewe. Ukiona nyekundu ukasema salama, umemwachia mkosaji mlango wazi." Alisogeza kifaa kidogo, kidogo sana, kwa ncha za vidole. "Simtafuti kwenye kifuko. Namtafuta kwenye shina linalokishika. Nyamazeni."

Hata mgonjwa aliziba mdomo kwa kiganja. Mkono wa Mama Picha ulifuata shina lile kutoka kwenye mji wa mimba, ukapanda, ukashuka, ukasimama.

Majivu yalizunguka. Katikati ya skrini kulikuwa na duara, ndani yake duara, ndani yake duara tena, na rangi nyekundu na buluu zikikimbizana humo kama maji yanayoshuka kwenye tundu la karo. Mama Picha alipopeleka kifaa mbele duara lilizunguka kulia, alipokirudisha lilizunguka kushoto.

"Uzi umejisokota kwenye bobini ya cherehani," alisema mgonjwa kwa sauti ndogo. Alikuwa ameinua kichwa, naye anatazama.

"Ndivyo, fundi. Kwa ninavyoona ni mizunguko miwili. Na mrija wa uzazi umo humo humo, umesokotwa pamoja nacho."

Inspekta alisimama mdomo wazi, na sioni sababu ya kumficha. Mwanamke aliyeshuhudia makaburi yakifukuliwa, aliyekaa na wauaji meza moja akiwagawia maji, alikuwa ameshika chuma cha kitanda kama mtoto. Miaka kumi na tisa ya kuuliza, kutisha, kubembeleza, kungoja watu watoe lililo ndani yao, na huyu mama mwenye miwani ya kamba hakuvunja mlango wowote. Ngozi haikuguswa. Fundo lilikuwa pale, ndani ya mtu aliye hai, linapumua naye.

"Unaonaje?" aliuliza. "Mama, unaonaje mpaka ndani?"

"Sioni, nasikiliza. Mashine inatoa sauti ambayo sikio halipati, kisha inangoja mwangwi. Mwili unaijibu. Hii yote ni majibu."

"Na haudanganyi?"

"Mwili haudanganyi. Sisi ndio tunaandika kawaida." Hapo ndipo alipomtazama daktari, mara moja tu, na daktari akapokea. "Mpigie daktari wa upasuaji. Mwambie saa nne kasoro dakika tano, mishipa bado inadunda. Mwambie ni kimoja kilichobaki. Neno hilo la mwisho lirudie mara mbili."

Daktari alitoka mbio mara ya pili.

Fomu ya ridhaa ililetwa na nesi. Mgonjwa aliisoma akiwa amelala, karatasi imebanwa kwenye ubao. Kukikunjua kifuko na kukirudisha mahali pake. Ikilazimu, kukitoa. Kalamu yake ilifika kwenye mstari wa saini, ikakwama.

"Mwiteni mama," alisema.

"Dada yako?" aliuliza Inspekta.

"Mama."

Mama mkwe aliingia ameshika mkoba wake mbele kama ngao. Alimtazama Inspekta kwanza, akingoja pingu. Kisha akamtazama mke wa mwanawe, na pingu zikamtoka akilini.

"Mama, nilikuficha," mgonjwa alisema. "Nilipoolewa nilikuwa na kifuko kimoja cha mayai. Kimoja kilitolewa. Hiki kilichobaki ndicho kinachouma. Wanaweza wakakitoa nacho. Nikitoka mle ndani labda sitaweza kukupa mjukuu, hata mmoja. Nimeona bora usikie kwangu."

Mama mkwe alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mwanamke yule hilo lilikuwa tukio.

"Mwanangu anajua?"

"Anajua tangu mwanzo."

"Alijua, akaniacha nikuulize kila mwezi?"

"Nilimwomba asikwambie. Niliogopa utaumia."

"Nimeumia." Alisema waziwazi. Akaweka mkoba sakafuni, akachukua ubao uliobeba fomu, akaushika imara mbele ya mgonjwa ili kalamu ipate pa kuegemea. "Nimeumia sana. Tutagombana ukipona. Saini, mwanangu."

Mgonjwa alisaini.

Saa nne na dakika ishirini milango ya chumba cha upasuaji ilifungwa. Kesi ya Inspekta ilikuwa imekwisha. Hakukuwa na kosa, hakukuwa na mtuhumiwa, na sajini alikuwa amempigia mara tatu. Hakuondoka. Alikaa benchi moja na wale wanawake wawili, dada upande huu, mama mkwe upande ule.

"Mama," dada alianza, "yale niliyosema..."

"Uliyasema kwa sauti kubwa, nimeyasikia. Sasa omba Mungu kwa sauti hiyo hiyo."

Zilipita dakika hamsini. Daktari wa upasuaji alitoka amevua kofia, alama ya lastiki bado ipo kwenye paji la uso.

"Kilijisokota mizunguko miwili na nusu," alisema. "Mrija pia. Tulikikuta cha zambarau, karibu cheusi, kama bilinganya. Wengine wangekikata. Tumekikunjua, tukaweka mikono pembeni, tukangoja. Dakika ya saba kikaanza kurudiwa na rangi upande mmoja. Tumekiacha, na tumekishikiza ili kisizunguke tena. Kama kimepona kabisa, siwezi kuapa. Picha ya wiki ijayo ndiyo itakayosema."

Dada alilia. Mama mkwe aliuliza dakika saba ni muda gani mtu akiwa anangoja kitu kama hicho, na daktari akajibu kwamba ni mrefu kuliko saba.

Baada ya siku nane Inspekta alirudi hospitali. Alijiambia anafuata ripoti ya maandishi ya kufungia faili, jambo ambalo sajini angelifanya. Alikuta chumba cha picha kimejaa. Mgonjwa alikuwa kitandani, amekonda lakini amelala chali kama watu wengine. Daktari wa zamu alikuwa kwenye kiti kona ya chumba na fomu mpya mkononi, mistari yote mitupu, anasubiri kuandika kwa kalamu. Mama mkwe alikuwa amesimama kichwani mwa kitanda. Mgonjwa ndiye aliyetaka awepo.

"Twende kushoto," alisema Mama Picha.

Kilikuwa kushoto, mahali pake, kimepungua hadi sentimita tatu na nusu. Rangi ziliwaka: nyekundu inaingia, buluu inatoka. Mama Picha aligusa kitufe kingine, na sauti ya damu ikajaa chumba, fuu, fuu, fuu, kama mtu anayefagia uwanja asubuhi bila haraka. Daktari aliandika, akaangalia, akaandika tena. Inspekta alivua kofia yake ya kazi. Hakujua kwa nini. Aliona tu haifai kuwa nayo kichwani wakati ule.

"Hivi viduara vyeusi ndani yake ni nini?" aliuliza mama mkwe.

"Ndimo mayai yake yanamokulia."

"Ni vingapi?"

"Ninavyoviona hapa, tisa."

Mama mkwe alisogea karibu na skrini. Midomo yake ilitembea, anahesabu mwenyewe, na alipofika tisa alirudia toka mwanzo. Mgonjwa alikuwa amekaza shingo. Alikuwa analingoja lile swali, la kila mwezi kwa mwaka mzima. Inspekta naye alilingoja, na hata Mama Picha aliacha mkono wake bila kusogea.

Mama mkwe aligeuka kutoka kwenye skrini. Alichukua shuka lililokuwa miguuni pa kitanda, akalikung'uta, akalivuta taratibu hadi chini ya kitovu cha mgonjwa, pale jeli ilipoishia.

"Jifunike, mwanangu," alisema. "Chumba hiki kina baridi."